Komeo la Bunduki ya Baba Liko Ndani ya Friza Yangu

Mpendwa Shangazi Lempi,

Shikamoo, na unisamehe kukujia na mzigo huu katika wiki ambayo najua barua zote za ukurasa wako gazetini ni za wake wanaolalamika kuachwa peke yao msimu wa kuwinda kulungu, lakini mimi nimefika mahali silali wala chakula hakipiti, na wewe ndiye mtu pekee huku kwetu ng'ambo ya daraja ninayeweza kumwambia jambo bila kulikuta limefika kanisani kabla yangu. Nimekuwa mwizi, Shangazi. Nimemwibia baba yangu mzazi, na nilichomwibia kimelala ndani ya friza yangu, katikati ya mfuko wa nyama ya kusaga ya kulungu aliyempiga yeye mwenyewe mwaka jana.

Kitu chenyewe ni komeo la bunduki yake, kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele ili risasi iingie. Wewe unakijua, nasema tu kwa ajili ya wasomaji waliohamia huku juzi. Bila komeo bunduki inabaki kipande kizuri cha mti na bomba. Hiyo bunduki aliinunua babu kwa mshahara wa mgodini, akampa baba, na baba ameenda nayo kambini kuwinda kila Novemba tangu kabla sijazaliwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyefundishwa kuishika nikiwa na meno ya utoto, baba akisimama nyuma yangu na kuninong'oneza, "Polepole, mwanangu, kulungu hana haraka, wewe una haraka ya nini?"

Baba nitamwita Reino, maana silo jina lake, na ana miaka sabini na saba. Mama alifariki Machi, theluji ikiwa bado imefika madirishani, na kama ujuavyo ilibidi tungoje mpaka Mei ardhi ilegee ndipo tumzike, na miezi ile ya kungoja baba alikuwa bado anasimama sawasawa, mtu akimuuliza anajibu, "Elma yupo mjini, tunamngojea," kama vile mama kaenda kununua kahawa. Ni baada ya kaburi kufukiwa ndipo aliposhuka. Kwanza aliacha kuwasha sauna, kile kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Shangazi, wewe ni mtu wa huku, sina haja ya kukueleza maana yake bomba la sauna ya baba kukaa Jumamosi nzima bila moshi. Halafu akampa rafiki yake wa kambi, mzee Leonard, ile mashine yake ya kupulizia theluji, mashine aliyokuwa akiitunza kuliko gari, na Leonard alipomwambia, "We Reino, baridi inakuja, utatoka vipi mlangoni?" baba akamjibu tu, "Chukua bwana, mimi sitaihitaji." Leonard alinisimulia akicheka, alidhani baba anafikiria kuhamia kwangu. Mimi sikucheka.

Halafu siku moja ya Septemba nikiwa namsuuzia vyombo, naye kakaa pale pale anapokaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua itanyesha, "Ningekuwa mbwa wangu mwenyewe, ningeshajihurumia zamani." Niligeuka nikamtazama. Akatabasamu, akasema, "Aa, achana na mimi, maneno ya mzee." Wewe unajua huku kwetu mtu anamhurumia mbwa wake mgonjwa kwa kitu gani.

Kesho yake nilirudi, nikamkuta nje anajaza mbegu kwenye kisanduku cha ndege wa mama, nikaingia ndani, nikaona kupitia dirishani mgongo wake umeinama, nikafungua kabati la bunduki, nikachomoa komeo, nikalitia kwenye mfuko wa koti na kutoka kumsaidia kumwaga mbegu huku chuma kikinigonga pajani. Ndege walikuja wengi siku hiyo. Baba alifurahi, akanionyesha yule mwekundu ambaye mama alikuwa akimwita mchungaji, na mimi nikaitikia huku nimemwibia.

Sasa sikia kinachonitafuna zaidi. Mimi ni mmoja wa wale wanawake wenye fulana nyekundu waliokwenda Lansing, mji mkuu wa jimbo letu, kuwaomba wabunge wa jimbo wapitishe ile sheria inayomruhusu ndugu wa mtu kwenda kwa hakimu na kusema, huyu mpendwa wangu yuko hatarini, tafadhali zishikeni bunduki zake mpaka apone. Nilikwenda kwa sababu ya dada mmoja tuliyekuwa tukiimba naye kwaya, ambaye mumewe alimtishia mwaka mzima na mji mzima ulijua, na hapakuwa na mtu wala sheria ya kumwondolea yule bwana bunduki kabla hajaitumia. Nilisema hayo mbele ya kamati.

Na unajua nani aliyenipeleka Lansing? Baba. Baba huyo huyo mwenye kibandiko nyuma ya pikapu kinachosema waje wazichukue kama wanaweza. Mimi lile daraja refu linalotutenga na upande wa Lansing siliwezi, nikifika katikati na kuyaona maji kule chini mikono inakufa ganzi, na mama alikuwa ameshaanza kuumwa, kwa hiyo baba akasema, "Haya twende, nitakuvusha ukanipokonye bunduki zangu." Nilifumba macho daraja zima na yeye akanihesabia nguzo kama nilipokuwa mtoto. Kule ndani ya ukumbi wa kamati mimi nilikaa upande wa fulana nyekundu, yeye akaenda kukaa na wawindaji wenzake wa kofia za rangi ya machungwa, walioipinga sheria, na kila nilipogeuka alikuwa ananipungia mkono, mpaka mwanamke mmoja wa upande wangu akaniuliza, "Yule mzee anakutisha?" Nikamwambia, "Hapana, yule ni baba yangu, anataka kujua kama nina njaa." Tulipotoka akaikata ile pasti, mkate uliojazwa nyama na viazi, aliyotuokea mama, akanipa nusu kubwa, akasema, "Mpaka sasa ulikuwa adui yangu. Sasa kula."

Tuliporudi, mimi nikiwa nimefumba macho tena darajani, akaniambia neno ambalo sijalisahau. Akasema, "Hiyo sheria yako itapita, nimeziona nyuso za wale wabunge. Naomba tu watakaoitumia wawe wanampenda mtu, siyo wanaomchukia." Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango kwa mikono miwili.

Sheria ikapita, gavana akatia saini, na sasa nafikiri nitakuwa mtu wa kwanza katika wilaya yetu nzima kuitumia, na nitaitumia kwa baba yangu. Nilimwambia kaka yangu, nimwite Rodney, na Rodney akawaka. "Wewe ulituambia sheria hiyo ni ya wendawazimu na wapiga wake! Sasa baba yuko wapi hapo? Baba ana huzuni, dada. Mkewe kafa. Unataka acheze ngoma?" Nikamwambia habari ya mbwa na habari ya mashine ya theluji. Akasema, "Utamletea sherifu na polisi wake mlangoni mzee aliyemfundisha sherifu mwenyewe kuwinda? Akienda kambini na wenzake atachangamka, utaona. Muache aende kambini." Halafu akanikatia simu, na hajanipigia tena, na sisi tuko wawili tu, Shangazi, hatuna ndugu mwingine.

Habari ya komeo Rodney hajui. Na hapo ndipo ninapokufa. Msimu unafunguliwa Jumamosi tarehe kumi na tano, Rodney atampitia baba siku moja kabla kama kawaida, watalala kambini na mzee Leonard na wengine, na asubuhi baba ataitoa bunduki ya babu kwenye mkoba mbele ya wanaume wote na kukuta haina komeo. Kwa mtu kama baba hiyo ni kama kuvuliwa suruali kanisani. Atajua ni mimi, nani mwingine?

Nusura agundue Jumapili iliyopita. Nilifika nikaona meza imetandikwa gazeti, chupa ya mafuta iko pale, vitambaa viko pale, na kile kijiti chake kirefu cha kusafishia mtutu, kama anavyofanya kila mwaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, nikajua nimekwisha. Lakini kwa bahati nilikuwa nimechelewa, alikuwa ameshamaliza, bunduki imesharudi kabatini, na hakusema kitu. Aliniambia tu, "Keti, nimepika supu." Hajapika supu tangu Mei. Akanikatia mkate wa iliki, akanipakia siagi mwenyewe mpaka pembeni, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo, akasema tena, "Keti basi, unakwenda wapi?" Lakini mimi nilikuwa natazama kabati tu, nikala haraka haraka, nikasema nina kazi nyumbani, nikaondoka huku namshukuru Mungu kwamba hakugundua.

Naomba ushauri wako, Shangazi. Nilirudishe komeo kimyakimya kabla ya msimu na kuomba Mungu kwamba Rodney ndiye anayesema kweli? Au niende mahakamani niombe ile amri ya kumwondolea bunduki, azuiwe mwaka mzima, akose msimu huu na labda asiwe na mwingine, na jina lake lipite mdomoni mwa kila karani ambaye ni mtoto wa binamu yetu? Nampenda baba yangu kuliko ninavyoweza kuandika. Sitaki kumwaibisha na sitaki kumzika, na naona kama kila njia ninayoishika inakwenda kwenye moja ya hayo mawili.

Ni mimi,
Binti Mwenye Friza

*

Binti Mwenye Friza, mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikakasirika, na nitaanza na hasira kwa sababu hiyo hupoa upesi.

Umeniandikia kurasa kadhaa juu ya komeo moja la bunduki moja. Sasa hebu nikuulize, tangu lini mzee wa huku akawa na bunduki moja? Ile ya kupigia ndege iko wapi? Ile ndogo ya droo, ambayo kila mzee husema ni ya kufukuzia dubu jalalani, iko wapi? Umelificha komeo la bunduki ya babu kwa sababu hiyo ndiyo yenye kumbukumbu, hiyo ndiyo uliyoshikishwa ukiwa na meno ya utoto, na hizo nyingine hukuzifikiria kwa kuwa haziko moyoni mwako. Hatari haina habari na kumbukumbu zako, mama. Umefunga dirisha moja ukaenda nyumbani, na mlango uko wazi. Hilo ndilo la kwanza na ni la leo.

La pili ni huyo kaka yako. Rodney, najua unasoma ukurasa huu, wanaume wote wa wilaya hii huusoma chooni na kusema ni gazeti la wake zao. Umeambiwa baba yako amegawa mashine ya theluji Septemba, huku kwetu, ukajibu kwamba kambi itamchangamsha. Nakuuliza kwa upole, wewe umewahi kumwona mtu wa huku anayetarajia kuishi mpaka Krismasi akigawa mashine ya theluji? Hukuwaka kwa sababu dada yako amekosea. Uliwaka kwa sababu uliogopa, na kuogopa si dhambi, ila simu umpigie.

Sasa nije kwako wewe binti, na hapa uketi vizuri.

Unasema baba hakugundua. Mwanangu, wewe umefundishwa bunduki na huyo huyo baba. Hebu fumba macho kama unavyofumba darajani na unijibu: mtu anasafishaje mtutu wa bunduki ile? Anafanya nini kwanza, kabla ya mafuta, kabla ya kitambaa, kabla ya kile kijiti kirefu? Anachomoa komeo. Hakuna njia nyingine ya kupitisha kijiti. Baba yako alitandika gazeti, akaitoa bunduki ya baba yake kabatini, akapeleka mkono mahali ambapo mkono wake umekwenda kila Novemba kwa zaidi ya miaka hamsini, na akakuta tundu.

Amejua. Amejua tangu Jumapili, na yamkini tangu Septemba, maana mzee anayefahamu ndege wa mkewe kwa majina hatashindwa kuona kabati lake limeguswa. Na kama ulivyoandika mwenyewe, nani mwingine?

Alifanya nini baada ya kujua? Hakukupigia simu akupigie kelele. Hakumwita Rodney. Hakwenda dukani kuagiza komeo lingine, ingawa angeweza. Aliifuta bunduki isiyoweza kupiga, akairudisha kabatini, akainuka na kupika supu kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Halafu akamkatia mkate mtu aliyemwibia na kumpakia siagi mpaka pembeni. Mimi nimezeeka na nimesoma barua nyingi, na sijasoma shukrani iliyosemwa waziwazi kuliko hiyo. Watu wetu hawana mdomo wa mambo haya, wewe unajua, tuna mdomo wa hali ya hewa tu. Baba yako amezungumza kwa mkate.

Usinielewe vibaya, sisemi kwamba amepona. Mtu anaweza kukushukuru Jumapili na kuzama Jumanne, na hizo bunduki nyingine bado zimo ndani. Ninachosema ni kwamba mlango wake hakuufunga, aliuacha wazi kidogo akakungoja, na wewe ukala haraka haraka ukakimbilia kazi ambayo mimi na wewe tunajua haikuwepo. Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa. Sasa imekwisha, njoo tupange.

Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwake. Usilirudishe lile komeo, liache na nyama yake. Keti mezani, umwambie, "Baba, komeo ninalo mimi." Halafu funga mdomo. Kimya kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza na habari za watoto na barabara. Usikijaze. Akishasema chochote atakachosema, umuulize kwa maneno yenyewe, bila mbwa wala mafumbo: "Baba, unafikiria kujiua?" Usiogope kuyatamka. Watu wanadhani ukilitamka neno hilo utampandikizia mtu wazo. Wazo kama lipo, lipo, na amekuwa akilibeba peke yake. Ukimuuliza unampokea ncha moja ya mzigo.

Kisha umuombe bunduki zote zitoke ndani ya nyumba mpaka aone mwanga. Zote, na risasi zake. Muombe, usimnyang'anye, na umwachie yeye achague zinakokwenda. Ofisi za masherifu wengi hukubali kuzitunza, na maduka ya bunduki yenye leseni pia, piga simu kwanza uwaulize utaratibu. Mzee aliyemfundisha sherifu kuwinda akienda mwenyewe na kusema, "Kijana, nishikie hizi," hakuna aibu hapo, na nakuhakikishia sherifu atazifuta vumbi kila wiki. Kesho asubuhi piga simu kwa daktari wake na usikubali kupewa nafasi ya mwezi ujao, sema ni hatari ya maisha. Na ile namba ya simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, tisa-nane-nane, ibandike kwenye friji yake na kwenye yako, ni ya usiku na mchana, ni yake na ni yako pia maana na wewe umechoka.

Na akikataa? Akisema bunduki hazitoki, au ukimwona macho yake hayako pale? Basi hapo huna ushauri mwingine kwangu, vaa koti uende kwa hakimu siku hiyo hiyo. Wala usiende kama mtu anayemsaliti baba yake. Ile amri haisemi baba yako ni mhalifu wala mwendawazimu, inasema kuna mtu anamtaka aendelee kuishi. Watoto wa mabinamu watasema, watasema wiki mbili, halafu watapata jambo lingine, hawa watu nawajua. Unatafunwa na maneno aliyokuambia darajani, kwamba anaomba watakaoitumia sheria hiyo wawe wanampenda mtu. Mimi siyaoni kama kisu hata kidogo. Yule mzee aliipinga sheria yako siku nzima, na jioni akakupa ruhusa yake na sharti lake. Sharti unalo, barua nzima imejaa upendo huo.

Najua wiki ijayo nitapata barua. Wa kofia za machungwa watasema nimeuza uhuru wao, wa fulana nyekundu watasema ningemtuma binti mahakamani tangu Septemba. Andikeni. Leseni yangu ya kuwinda ya msimu huu iko kwenye mkoba, na sheria hii naiunga mkono kwa sauti, na vitu hivyo viwili vimekaa pamoja bila kugombana.

Imebaki kambi. Kambini asiende kulala mwaka huu, Rodney, na hili si la kubishana. Kibanda kimoja, bunduki za wanaume tele, chupa za brandi na baridi ya kuwafungia ndani, hapo si mahali pa mtu anayezungumza kama baba yako alivyozungumza Septemba. Lakini pia asiachwe peke yake dirishani siku ya kwanza ya msimu akisikia milio ya wenzake msituni, hiyo itamuua bila risasi. Kwa hiyo utafanya hivi. Wewe hutakwenda kambini asubuhi hiyo. Ndiyo, umesikia. Kulungu watakuwepo Jumatatu. Utakwenda kwa baba, utamwambia dada yako samahani, na mtakata kuni za sauna. Mzee Leonard nimpe kazi pia, arudishe ile mashine ya theluji, aseme imemshinda kuwaka na anahitaji Reino aitazame, na kama inawaka vizuri basi aiharibu kidogo. Jioni kambi nzima ihamie kwa Reino. Zile bunduki zibaki zimefungwa kwa Leonard, waje na nyama tu. Kambi ni watu, na watu wana miguu. Waoge, wale, wadanganyane kuhusu ukubwa wa pembe walizozikosa. Nataka Jumamosi hiyo nikipita barabara ya kwenu nione moshi kwenye bomba.

Na wewe binti, ukiwa umesoma mpaka hapa bado hujavaa viatu, vaa. Bunduki ya babu yako itamngoja, na ikiwa siku moja daktari na yeye na ninyi mtakubaliana, komeo litarudi mahali pake likinuka nyama iliyoganda. Ikiwa halitarudi kamwe, haidhuru, ni chuma. Umekuwa ukilichunga kabati wiki zote hizi na umesahau aliyekaa mbele yake. Mara mbili siku ile ya supu alikuambia neno moja, na hilo ndilo ombi pekee alilokuomba tangu Mei.

Alikuambia keti. Nenda ukaketi.

Shangazi yako,
Lempi